Barua ya wazi kwa wanaoajiri wahasibu Lamu: pimeni kazi, si mahali ilipofanyiwa

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa Ajira na Wakuu wa Fedha,
Ofisi za Umma, Vyama vya Ushirika na Mahoteli,
Lamu.

Assalaam aleikum, na salamu kwenu nyote.

MINT: UZOEFU WA UHASIBU ULIOPATIKANA NG'AMBO

Kwa heshima na taadhima, naandika hadharani kwa sababu nimekwisha kuandika faraghani na sikujibiwa. Barua zangu zilipokelewa masjala, baruapepe zikafuata, na nilipovuka kwenda Mokowe, ziliko ofisi za kaunti, kuulizia nikaambiwa nisubiri, faili liko kwa mkubwa. Ofisi sitaitaja. Si kwa woga; haya yamewapata wenzangu katika ofisi tofauti, na nikiitaja moja, nyingine zitajiona zimesalimika.

Mimi ni mhasibu, mzaliwa wa Langoni. Mitihani ya CPA, ile ya wahasibu inayotungwa na bodi ya KASNEB, niliifanya na kuimaliza hapa nchini, kisha nikaenda Sharjah kwenye kampuni ya vifaa vya ujenzi, baadaye Dubai katika idara ya hesabu ya hoteli. Nilirudi kwa hiari yangu: mama amezeeka, na wanangu nataka wakue wakiwajua jamaa zao. Tangu nirudi nimekuwa nikiomba kazi za kiwango nilichofikia, na jibu, pale linapotolewa, huwa ni lile lile kwa maneno tofauti: uzoefu wa nje hauhesabiki. Malalamiko yangu, na ya wenzangu walioniruhusu kuwasemea, ni haya.

1. Uzoefu wetu unahesabiwa sifuri na hatuambiwi sababu.

Tangazo likisema mwombaji awe na uzoefu wa miaka mitano katika uhasibu, aliyefanya kazi Muscat huliona linamfaa. Akifika mbele ya jopo huambiwa ni miaka mitano ya hapa. Mbona tangazo halikusema? Yuko mwenzangu aliyekuwa akifunga hesabu za mwaka za kampuni ya usafirishaji Doha. Aliporudi akapewa ukarani wa hesabu, ngazi ya anayetoka chuoni, na vocha zake zinaidhinishwa na kijana aliyekuwa sekondari wakati yeye akijibu maswali ya wakaguzi. Kijana simlaumu, hakujiajiri mwenyewe.

Ibara ya 232 ya Katiba inataja ushindani wa haki na ustahili kuwa msingi wa uteuzi na upandishaji vyeo katika utumishi wa umma. Ibara ya 47 inampa mtu haki ya kupewa sababu kwa maandishi pale uamuzi wa kiutawala unapoathiri haki yake. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 nayo imeiwekea ofisi ya umma siku 21 za kujibu ombi la habari. Hoteli ya mtu binafsi haibanwi na ibara ya 232, hilo najua. Lakini mwenye hoteli analipa kwa mfuko wake gharama ya kumwacha anayeijua kazi, na hilo nitalifikia.

2. Karatasi zetu hazitazamwi, hutiliwa shaka tu.

Niliwahi kukabidhi cheti changu cha uzoefu, afisa akakiinua akakielekeza dirishani, akakigeuza nyuma, akakirudisha mbele. "Muhuri wa wino uko wapi?" Nikamweleza kwamba barua za kampuni ile hutolewa kwa kompyuta, na ule mraba wenye vidoa vyeusi pembeni ukielekezewa kamera ya simu unafungua ukurasa wa kuithibitisha. Simu yake ilikuwa pale pale mezani. Akakisukuma cheti kwa ncha ya kidole mpaka kikafika upande wangu. "Sisi hatutumii hizo." Baada ya hapo tulizungumza habari za jua kali.

Ofisi nyingine ilitaka barua ya mwajiri wa zamani inayoeleza tabia na utendaji wangu, la sivyo uzoefu hautambuliki. Waheshimiwa, Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 51, inamtaka mwajiri ampe anayeondoka cheti cha utumishi chenye majina, aina ya kazi, mahali, tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza. Kifungu hicho hicho kinasema mwajiri halazimiki kutoa ushuhuda wa tabia wala utendaji. Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu, ile ya 2021, nayo inamtaka mwajiri atoe cheti cha uzoefu bila malipo, chenye tarehe, cheo na mshahara wa mwisho. Vyeti hivi viwili ni ndugu. Iweje cha hapa kikubalike kilivyo, na cha kule kidaiwe kisichodaiwa na sheria ya nchi yoyote kati ya hizo mbili?

Sikatai kwamba kuna vyeti vya kughushi. Vipo vya Sharjah na vipo vya hapa hapa Kenya, na sote tumesikia za ukaguzi wa vyeti katika utumishi wa umma. Dawa yake ni kuthibitisha. Baruapepe moja kwa idara ya ajira ya kampuni husika na simu moja kwa mkaguzi wake wa nje zinatosha kuanzia, na hazina gharama kubwa kuliko nauli ya boti.

3. Swali la "ulikuwa ukifanya nini hasa?"

Hili ni la sisi wanawake. Wenzetu wa kiume waliotoka Arabuni huulizwa walifanya kazi gani. Sisi huulizwa tulikuwa tukifanya nini hasa, na hilo "hasa" huja na tabasamu. Dada zetu wengi wamekwenda kufanya kazi za majumbani, ni kazi ya halali, na wengine wamerudi na majeraha ambayo nchi hii haijayashughulikia ipasavyo. Simwonei aibu hata mmoja wao. Lakini nimekaa mbele ya jopo na faili lenye mizania, yaani taarifa za mali na madeni, nilizoziandaa, na mjumbe asilifungue, aniulize kama bwanangu aliridhia nisafiri. Swali hilo halimo katika kazi iliyotangazwa. Naomba likome, na naomba mwenyekiti wa jopo awe ndiye wa kulikomesha, asimwachie mwombaji, maana anayeomba kazi hana ubavu wa kumrudi anayempa.

4. "Hujui kodi na mifumo ya hapa."

Hoja hii ina uzito ndani yake, kwa hivyo nitakaa nayo.

Ni kweli. Dubai sikukata PAYE hata mara moja, kwa kuwa mshahara wa kule haukatwi kodi ya mapato. Sikukata asilimia 2.75 ya SHIF, bima ya afya ya jamii, wala asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba, sikutoa ankara ya kielektroniki ya eTIMS inayotakiwa na mamlaka ya kodi, na IFMIS, mfumo wa kompyuta wa fedha za serikali, nilikuwa nikiusikia jina. Mhasibu aliyebaki Lamu ameyafanya haya na kwayo ananishinda. Lakini tuulizane, ni elimu ya muda gani? SHIF ilianza Oktoba 2024. Siku ile mhasibu wa miaka ishirini na wa mwaka mmoja walikaa darasa moja. Viwango hubadilishwa na Sheria ya Fedha, na kila ikibadilika nyote mnajifunza upya. Kujua asilimia kwa moyo hakumfanyi mtu mhasibu. Uhasibu ni kujua fedha hii ni ya nani, inaingia daftari gani, na lini.

Na hayo ya msingi hayakuishia kwenye mpaka wa nchi. Kenya inafuata viwango vya kimataifa vya uhasibu, IFRS, tangu 1999. Kampuni za Falme za Kiarabu zinatakiwa kisheria kufuata viwango vya kimataifa vilevile. Kiwango cha IFRS 16, kinachohusu mikataba ya kukodi, kilianza kutumika 1 Januari 2019, tarehe moja Nairobi na Dubai. Niliyekuwa nikiingiza mkataba wa ghala la Sharjah katika mizania nilikuwa nikisoma kifungu kile kile alichokuwa akisoma mwenzangu wa Mombasa.

Kodi ya ongezeko la thamani, VAT, tusemeje? Falme za Kiarabu zilianza kuitoza 1 Januari 2018, kwa asilimia 5. Kabla ya hapo haikuwepo kabisa. Tuliokuwa huko tuliijenga kutoka chini: kusajili kampuni, kupitia ankara za wasambazaji moja moja, kutenga mauzo yanayotozwa na ya kiwango cha sifuri na yaliyosamehewa, kuwafundisha wauzaji wasiojua kwa nini risiti imekuwa ndefu. Wenzetu wa Saudia walianza siku ile ile kwa asilimia 5, na Julai 2020 ikapandishwa hadi 15, huku wakiwa na mikataba iliyosainiwa kwa bei ya zamani na kazi inayokabidhiwa kwa kodi mpya. Aliyepita hapo, eTIMS itamsumbua wiki mbili tatu, kisha ataizoea.

Sasa nije kwa mahoteli. Wageni wa Shela hutuma amana miezi kabla ya kufika, kwa euro au dola. Nimeonyeshwa vitabu vya nyumba moja ya wageni, jina naliacha, ambapo kila amana iliandikwa kuwa mapato siku ilipoingia benki. Mwaka ukafungwa kwa faida nzuri. Halafu wageni wakaahirisha, amana zikarudishwa, na kwa kuwa shilingi ilikuwa imesogea, zilizorudishwa zikawa nyingi kuliko zilizoingia. Mwenyewe alidhani ameibiwa. Hakuibiwa; amana ya mgeni ni deni la hoteli mpaka mgeni alale kitandani. Katika hoteli niliyofanya kazi hilo hukaguliwa kila usiku: kuna mtu wa zamu ambaye kazi yake ni kulinganisha vyumba vilivyolaliwa, fedha zilizopokelewa na zinazodaiwa, kabla siku haijafungwa kwenye mfumo. Msimu wa kusi unapoingia na wageni wakapungua, hesabu za namna hiyo ndizo zinazomwambia mwenye hoteli kama mishahara ya Mei na Juni ipo au haipo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lililoandikwa vibaya nalo huipoteza, tena kwa mahesabu yanayojumlika sawasawa.

Na ofisi za umma? Kwa miaka mingi serikali, ya taifa na za kaunti, zimeandika hesabu kwa msingi wa fedha taslimu: kilicholipwa kinaandikwa, kisicholipwa hakimo kwenye jumla. Boti ikinunuliwa ni matumizi ya mwaka ule, na mwaka unaofuata ukitazama vitabu ni kana kwamba boti haijawahi kuwepo. Tangu Julai 2024 nchi imeanza kuhamia msingi wa malimbikizo, ambapo deni huandikwa linapoanza hata kama fedha haijatoka, chini ya IPSAS, viwango vya kimataifa vya uhasibu wa sekta ya umma, na kiwango cha IPSAS 33 kinatoa nafasi ya mpito ya miaka mitatu. Maana yake ni kwamba boti, jenereta, mashine za hospitali, majengo na ardhi vihesabiwe, vipewe thamani, na uchakavu wake ukatwe kila mwaka. Madeni ya wakandarasi yaliyolala droo lazima yaonekane katika mizania kama madeni. Ada zinazodaiwa na kaunti zionekane kama zinazodaiwa, na zile zisizotarajiwa kulipwa zikubalike kuwa ni hasara.

Hayo, Waheshimiwa, ndiyo tuliyokuwa tukiyafanya kila mwisho wa mwezi. Katika kampuni ya Sharjah nilikuwa nikiweka kando kila mwezi kiinua mgongo cha kila mfanyakazi, kwa sababu sheria ya kule inampa mshahara wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza. Fedha haijatoka, lakini deni limeshaanza. Ndiyo maana nzima ya malimbikizo. Mmezungukwa na watu waliotoka kuifanya kazi mnayotakiwa kuianza, na mnawaambia hawana uzoefu.

Lakini nisiwe wakili wa kila aliyepanda ndege. Wapo waliorudi na cheo cha mhasibu kwenye barua na kazi yao ilikuwa kupokea fedha dirishani. Wapo waliokaa kampuni kubwa, ambako kazi hukatwa vipande vidogo, mtu akashika malipo ya wasambazaji tu mwaka baada ya mwaka; mrejeshe hapa, mpe vocha, benki, mishahara na ukaguzi kwa pamoja, atahema. Mhasibu wa chama cha ushirika cha Faza au Mpeketoni, anayefanya yote peke yake na umeme ukikatika, huenda akamzidi huyo mbali sana. Ndiyo sababu siombi miaka yetu ihesabiwe kwa macho yaliyofumbwa. Miaka ya kule haipimi kitu, na ya hapa haipimi kitu, mpaka mtu aulizwe alifanya nini ndani yake.

5. "Umezoea dirhamu, utatuacha."

Jibu ni fupi. Mshahara wa kazi unajulikana na nimeuomba nikiujua. Wanaoondoka Lamu kwenda Mombasa na Nairobi ni wengi kuliko wanaorudi Dubai, na hakuna anayenyimwa kazi kwa kushukiwa kuwa atahamia Nairobi.

Nitaongeza jambo moja hapa. Serikali yetu iliunda Idara ya Masuala ya Diaspora mwaka 2022, na vijana wanahimizwa waende wakatafute kazi nje. Fedha zilizotumwa nyumbani na Wakenya walio ng'ambo zilipita dola bilioni 4.9 mwaka 2024, kwa hesabu za Benki Kuu. Fedha hizo zilipoingia hapakuwa na aliyetaka kuona muhuri wa wino. Tunaporudi wenyewe ndipo tunapoambiwa asiyekuwepo na lake halipo.

Najua mtakavyojibu, kwa sababu vipande vyake nimeshavisikia kwenye vibaraza vya ofisi.

Mtasema mnafuata mwongozo wa utumishi. Sawa, basi nionyeshwe kifungu kinachosema uzoefu wa uhasibu uwe umepatikana ndani ya Kenya, na kikiwepo kiandikwe katika tangazo ili watu wasipoteze nauli na ada za vyeti. Mtasema kuna Mamlaka ya Kitaifa ya Sifa za Elimu, KNQA, twende huko. Mamlaka hiyo inatambua na kulinganisha sifa za masomo zilizopatikana nje. CPA yangu ni ya hapa hapa. Kinachobishaniwa ni kazi, na kazi hupimwa na anayeajiri. Mtasema si haki kwa waliobaki wakavumilia mishahara ya hapa wakati sisi tukila vya Arabuni. Hili nalielewa, na nimelisikia hata nyumbani kwetu. Siombi kutangulizwa mbele yao. Naomba tukae chumba kimoja, tupewe karatasi moja, na atakayeshinda ashinde.

Ninachoomba ni hiki:

Kwanza, kila tangazo la kazi ya uhasibu liseme wazi kama uzoefu wa nje unakubaliwa, na kwa ushahidi gani. Barua za kidijitali zikubaliwe na zithibitishwe.

Pili, kuwe na mtihani wa vitendo kabla ya mahojiano. Tupeni taarifa ya benki ya mwezi mmoja, daftari la fedha lisilolingana nayo, rundo la ankara lenye mbili zilizolipwa mara mbili, na saa tatu. Mtamjua mhasibu kabla hamjauliza alikotoka. Na mtamjua asiye mhasibu, awe ametoka Dubai au Nairobi.

Tatu, atakayepita apewe wiki chache za kuelekezwa IFMIS, Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, na Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015, kisha awekwe katika ngazi inayolingana na alichoonyesha kwenye mtihani.

Nne, anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi. Sentensi mbili zinatosha.

Tano, maswali ya ndoa, ya ruhusa ya mume na ya "hasa" yaondolewe katika majopo yote, na anayeyauliza aandikwe katika kumbukumbu za kikao.

Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai na matangazo ya nafasi mpya hufuata. Naomba mambo haya yaamuliwe kabla ya matangazo hayo kutoka, maana yakishatoka kila mmoja atasema mchakato umeanza na hauwezi kubadilishwa katikati.

Jibu nalisubiri kwa maandishi. Wakiwepo wanaotaka kuona mtihani wa namna hiyo unavyotungwa na kusahihishwa, niko tayari kuutunga bila malipo, na nitajiondoa katika kundi la watakaoufanya. Anwani na simu yangu zimo katika faili mlizonazo.

Wenu mtiifu,

Mhasibu, mkazi wa Langoni, Lamu